Miezi Iliyopotea: Kustaafu kwa Mfanyakazi wa Hoteli Malindi

Wazee wetu, mama zetu, na vijana mliofika kuwasindikiza: asalaam aleikum, na nyote hamjambo. Mada ya leo ni kustaafu, na nitaizungumza kwa upande wa watu waliojaa humu ukumbini: wapishi, wahudumu wa mezani, watu wa rumu, walinzi, watunza bustani na mabaharia wa boti za watalii.

Walimu na watumishi wa serikali hapa Kenya niwamalize mwanzo, maana njia yao imenyooka. Hustaafu wakiwa na miaka 60, mwenye ulemavu 65. Kabla ya 2009 ilikuwa 55. Aliye kwenye pensheni ya zamani, ile inayolipwa na serikali bila mtumishi kuchangia, achukue mshahara wa msingi wa mwaka, auzidishe kwa miezi ya utumishi, agawanye kwa 480. Mwalimu wa shilingi 50,000 kwa mwezi aliyefundisha miaka 30, yaani miezi 360, anapata 450,000 kwa mwaka. Robo ya hizo, 112,500, akiitaka kwa mkupuo huzidishwa kwa 20 ikawa 2,250,000, na kila mwezi anabaki kupokea 28,125. Hesabu hiyo aifanye mwenyewe kabla ya kupelekewa na mtu mwingine, na karatasi zake aanze kuzikusanya mwaka mzima kabla ya siku yenyewe.

Sasa hoteli. Sheria ya Ajira ya 2007 haitaji umri wa kustaafu kwa sekta binafsi. Umri wako umo katika barua yako ya ajira, kanuni za kampuni, au mkataba wa pamoja kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi. Kaisome barua hiyo wiki hii. Ikiwa hakuna popote palipoandikwa umri, anayekuondoa kwa sababu tu ya uzee ana jambo la kujibu, kwa kuwa kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi kwa msingi wa umri.

Lakini umri si tatizo kubwa la Malindi. Tatizo letu ni msimu. Pasaka ikipita na masika ikianza, hoteli nyingi hufunga au hupunguza watu, na taa huwaka tena kuanzia Julai. Mfanyakazi husema amefanya kazi miaka 25. Ukifungua taarifa yake ya michango ya NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni, Aprili tupu, Mei tupu, Juni tupu, mwaka baada ya mwaka.

Tuhesabu. Kwa miaka mingi mchango ulikuwa shilingi 200 zako na 200 za mwajiri, jumla 400 kwa mwezi. Mtu aliyechangiwa miezi yote 12 kwa miaka 25 ana 120,000 kabla ya faida. Aliyechangiwa miezi tisa kwa mwaka ana 90,000. Na hapo tumedhani kwamba kila alichokatwa kilifika.

Tangu Februari 2023 mambo yamebadilika. Sheria ya NSSF ya 2013, iliyokwama mahakamani karibu miaka kumi, ilianza kufanya kazi, na mchango ukawa asilimia 6 ya mshahara kutoka kwako na asilimia 6 kutoka kwa mwajiri, kukiwa na kiwango cha juu kinachopanda hatua kwa hatua. Mwenye mshahara wa 20,000 leo hukatwa 1,200, mwajiri naye anaongeza 1,200. Jumla 2,400. Kwa hiyo mwezi mmoja unaopotea sasa ni sawa na miezi sita ya zamani. Vijana, hili ni lenu zaidi kuliko la wazee. Hamna haki ya kulinyamazia.

Miezi hupotea kwa njia tatu ninazotaka mzijue. Ya kwanza, mwajiri amekata lakini hakupeleka. Makato yanapaswa kuwa yamefika kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na karatasi yako ya mshahara ndiyo ushahidi kwamba pesa zilitoka mfukoni mwako. Usiitupe, hata ya mwaka 1998. Piga picha kila moja, maana wino wa karatasi za mashine hufifia kwenye joto letu mpaka ikabaki karatasi nyeupe.

Ya pili ni jina. Kitambulisho kinasema Athman, karani wa hoteli ya kwanza aliandika Athumani, wa pili akaandika Othman. Mohamed, Mohammed, Muhammad. Wengine jina la babu liko upande mmoja na upande mwingine halipo. Pesa zipo, ila zimelala chini ya mtu asiyekuwepo. Dawa yake ni kitambulisho, hati ya kiapo inayotaja majina yote kwamba ni ya mtu mmoja, na barua ya mwajiri.

Ya tatu ni nambari mbili za uanachama. Umehama hoteli, meneja mpya akakuandikisha upya badala ya kukuuliza nambari ya zamani. Omba NSSF iziunganishe nambari hizo wakati ungali kazini. Ukingoja hadi 60 utakuwa unafuatilia miaka 30 nyuma, na hapa mjini zipo hoteli zilizofungwa, zilizouzwa, na zilizobadilisha jina na mwenyewe mara kadhaa. Karani aliyekuandika hayupo. Faili huenda ilioza na mvua.

Basi kazi ya mwezi huu ni moja. Chukua taarifa yako ya michango, kaa na kalamu, pitia mwaka kwa mwaka, zungushia kila mwezi mtupu. Kando yake andika: nilikuwa kazini au nilikuwa nyumbani? Ulipokuwa kazini na mwezi ni mtupu, hilo ni dai. Mwandikie mwajiri, baki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, kisha peleka nakala nyingine NSSF. Madai mengine dhidi ya mwajiri yana muda: Sheria ya Ajira inatoa miaka mitatu tu. Ukikawia, Mahakama ya Ajira hapa Malindi haitakusikiliza hata ukiwa na haki.

Wapo pia wanaoitwa vibarua kila mwaka. Kibarua aliyefanya siku mfululizo zikafika mwezi mmoja au zaidi, kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinambadilisha kuwa mfanyakazi wa mwezi, na kumwachisha kunataka notisi ya maandishi ya siku 28. Mkataba wa msimu wenye tarehe ya kuanza na ya kuisha ni jambo jingine. Huisha siku yake ikifika. Kabla ya kutia sahihi, tazama umeitwa nani. Kuhusu kiinua mgongo, wengi wanakitarajia pamoja na NSSF. Kifungu cha 35 cha sheria hiyo kinasema aliye mwanachama wa NSSF hakidai, isipokuwa mkataba wenu wa pamoja umekitoa.

Tuje kwenye shimo lenyewe. Akiba ya NSSF hutolewa ukifika 60. Anayeitaka mapema, kuanzia 50, lazima awe ameacha kazi. Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee wa shilingi 2,000 kwa mwezi, ni kwa waliofika 70 wasio na pensheni. Kati yake kuna miaka kumi. Zile 120,000 ukizigawa kwa miezi 120 ni shilingi 1,000 kwa mwezi. Sasa fikiria anayezitumia zote kwenye harusi ya mtoto na pikipiki ya bodaboda aliyompa mpwa. Sisemi harusi isifanywe. Nasema kwa uchungu kwamba miaka kumi hiyo haina mwingine wa kuilipia.

Kwa hiyo wengi wetu tutaendelea kufanya kazi baada ya 60, na kuchukua akiba hakumzuii mtu kuajiriwa. Mpishi mkongwe asirudi kubeba masufuria; aombe kandarasi ya kufundisha wapya, siku tatu kwa wiki, yenye saa, malipo na tarehe ya kuisha kwa maandishi. Mtu wa rumu mgongo wake umeshainamia vitanda vya kutosha; usimamizi wa stoo ya shuka unamfaa. Mwenye biashara yake ndogo achangie mwenyewe kupitia Haba Haba ya NSSF, kuanzia shilingi 25 kwa siku. Kwa msio na mshahara tena, SHA, bima ya afya ya serikali, haitakatwa kazini; asilimia 2.75 ya kipato mtalipa wenyewe, kwa mwaka mzima, kwa hiyo itengeni pembeni mapema.

La mwisho ni fomu ya mrithi. Mliijaza mkiwa vijana, mkaandika mama au kaka, na leo baadhi yao ni marehemu. Kabadilisheni. Na kwa familia za Kiislamu, hasa zenye wake wawili au watoto wa ndoa iliyovunjika, wekeni orodha kamili ya warithi na nakala za vyeti vya ndoa na talaka, kwa sababu mgao ukifika kwa Kadhi vyeti hivyo ndivyo atakavyoviomba kwanza.