Jiwe la Kaburi la Halloween kwa Foamu: Kuchonga, Kupaka Rangi na Kulisimamisha

Habari zenu, karibuni tena gereji. Leo tunachonga jiwe la kaburi la kusimamisha bustanini wakati wa Halloween. Ni la foamu, unalibeba kwa mkono mmoja, lakini mtu aliye barabarani ataapa ni zege. Ninyi mlioko Marekani na Kanada mmeyaona yale ya dukani: membamba, upepo ukipita mara moja yako kwa jirani. Na kama mama mkwe anakuja kutoka nyumbani mwezi wa kumi, mweleze mapema kwamba hakuna msiba, ni mapambo tu.

Foamu kwanza. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, upande wa vitu vya kuzuia baridi ukutani, chukua ile ngumu ya rangi ya waridi au bluu, unene inchi 2. Usichukue ile nyeupe ya punjepunje inayokuja ndani ya boksi la televisheni. Kisu kinang'oa punje badala ya kukata, na herufi zinatoka na meno. Ubao mzima ni futi 4 kwa 8. Ukiupasua katikati kwa urefu, halafu ukakata kila inchi 32, unapata vipande 6. Makaburi sita! Kama unataka moja tu, maduka makubwa huuza na vipande vya futi 2 kwa 2, jiwe litakuwa fupi kidogo, basi.

Kabla hujatoka dukani, nisikilize hapa. Usinunue rangi ya kupuliza ya kopo. Najua iko pale pale mbele ya macho, najua ina rangi nzuri ya kijivu. Kimiminika kilichomo kinayeyusha foamu hii. Narudia: hakuna rangi ya kopo. Tunatumia rangi ya maji, ya kuta za nje.

Haya, kukata, napita haraka. Kipande changu ni inchi 24 kwa 32. Jiwe ni upana wa 20 na kimo cha 30. Ule ukanda wa inchi 4 unaobaki pembeni utunze: inchi 24 zake zinakuwa kitako cha jiwe, na kile kipande cha mwisho ni cha kujaribia rangi na gundi. Juu tunapitisha nusu duara. Chomeka pini katikati, inchi 10 chini ya ukingo wa juu, funga uzi wenye penseli, zungusha. Chukua kisu cha wembe wa kuvunja ncha, sukuma wembe wote nje, pitisha mara tatu bila kutumia nguvu. Ukisikia foamu inalia na kutoa chenga, makali yamekwisha, vunja ncha ya wembe uendelee na mpya.

Sasa herufi. Mjomba, leta kamera karibu. Karibu zaidi. Hapo.

Maandishi yangu ni ALISEMA YUKO NJIANI, mistari mitatu, neno moja kila mstari. Usiandike jina la mtu halisi hata kwa utani, hasa la mtu anayekudai. Kimo cha herufi ni inchi 2, na mistari inayounda kila herufi ina upana wa milimita 10. Herufi nyembamba zinapendeza kwenye karatasi, lakini rangi ikiingia zinazibika na hakuna atakayesoma. Violezo vya herufi hizi nauza, kiungo kiko chini ya video. Ukiwa na printa na herufi nene utajitengenezea mwenyewe, sitakununia.

Bandika karatasi kwa pini, fuata kingo za herufi kwa kalamu ya wino huku ukibonyeza. Ukiitoa karatasi, foamu inabaki na alama. Halafu laza kisu nusu ya pembe mraba. Mkato mmoja kutoka kulia, mmoja kutoka kushoto, ikutane chini kwenye kina cha milimita 5. Kipande kinatoka chenyewe, huna haja ya kuchokonoa.

Kwenye A na O taratibu, tafadhali. Kile kisiwa cha katikati kinabaki kimeshikwa na chini peke yake. Kata upande wa kisiwa kwanza, na ncha ya kisu ielekee nje, mbali nacho, ili kisiwa kiwe kipana chini kuliko juu. Ncha ikiingia chini ya kisiwa, umekichimbia, kinang'oka. Tazama A hii... ncha nje, polepole, nazungusha jiwe badala ya mkono... na sasa O, hii ndiyo... Aa! Mjomba umerekodi? Umerekodi. Kimeng'oka. Sawa, hata hiki kina dawa. Kijiti cha kuchokolea meno, vunja kipande cha sentimita 2, chomeka katikati ya kisiwa, tone la gundi ya foamu, rudisha mahali pake. Gundi ile ya kugandisha papo hapo usiguse, nayo inakula foamu. Gundi unayotaka ni ya ujenzi, iliyoandikwa kwenye tyubu kwamba inafaa kwa mbao za foamu. Iache saa 24.

Tufanye uso wa jiwe. Finyanga karatasi ya aluminiamu iwe donge lenye makunyanzi, ligandamize na kulizungusha juu ya foamu yote, pembeni pia. Watu wanasahau pembeni, na ule ulaini wa kiwandani ndio unaomwambia mtazamaji kwamba hii ni foamu. Kwenye kona, menya vipande kwa kidole, usikate. Jiwe halivunjiki kwa mstari ulionyooka.

Nyufa: anzia ukingoni, pasua kwa kisu mstari mmoja unaopinda na kugawanyika. Usizidi nyufa mbili, vinginevyo litafanana na sahani iliyodondoka. Kisha mashine ya hewa ya moto, ile ya kubandulia rangi. Ya kukaushia nywele haifikii. Toka nje kabisa, usifanyie ndani, moshi wake si wa kuvuta. Mdomo wa mashine uwe sentimita 20 kutoka kwenye foamu, na mkono usisimame. Foamu hii huanza kulegea kwenye nyuzi 75 za Selsiasi hivi, na mashine inatoa joto la mamia. Ukituliza mkono, panazama shimo. Mnaona ufa unavyofunguka wenyewe? Napenda sana hapa. Basi, acha. Kila mtu anataka kuongeza kidogo, na kidogo ndiyo inayokula herufi.

Geuza jiwe. Chimba mifereji miwili ya wima mgongoni, kila mmoja inchi 4 kutoka ukingoni, urefu inchi 16, kuanzia chini kabisa. Paipu ya plastiki ya nusu inchi kwa nje ina milimita 21, kwa hiyo kina kiwe 22. Jaza gundi ya foamu, laza paipu. Hakikisha mdomo wa chini haujazibwa na gundi, nondo itapita humo. Kitako nacho kigandishe mbele, chini. Funga kwa tepu, saa 24 tena.

Rangi. Kijivu cha giza, rangi ya maji ya nje. Kwa lita moja natia kikombe kimoja cha mchanga laini, inaparuza vizuri. Paka mara mbili, mbele, nyuma na ndani ya kila herufi. Foamu ikiachwa wazi juani inageuka njano na kutoa vumbi. Na yule anayewaza kwamba sasa imefunikwa basi anaweza kumalizia kwa kopo: hapana. Tundu dogo kuliko kichwa cha pini linatosha, kimiminika kinaingia na kuchimba pango chini ya rangi. Huniamini? Ndiyo kazi ya kile kipande cha majaribio. Kipulizie, usubiri dakika chache.

Ikikauka, simamisha jiwe wima. Usilipakie limelala. Changanya rangi nyeusi sehemu 1 na maji sehemu 5, tone la sabuni ya vyombo, tia kwenye chupa ya kunyunyizia, anza juu. Mchirizi ushuke wenyewe kama mvua ya miaka. Kwenye herufi utatulia na kuzitia giza. Palipozidi, gusa kwa sponji yenye maji. Mjomba, hapo kioo cha kamera kimerukiwa, futa. Endelea.

Mwisho wa rangi ni kijivu cheupe kwa brashi kavu. Chovya ncha, pangusa kwenye boksi mpaka brashi isiache karibu kitu, ndipo upitishe juu juu. Inashika vilele tu. Ukiona umepaka mistari, brashi ina rangi nyingi. Ukungu wa kijani nautengeneza kwa machicha ya kahawa yaliyokaushwa, gundi nyeupe na rangi ya kijani kidogo, upande mmoja chini na ndani ya ufa. Usilizungushe jiwe lote.

Kusimamisha: nondo mbili za inchi tatu ya nane, urefu futi 2. Zipigilie inchi 12 ardhini, na pima umbali wa paipu kabla, si baada. Jihadhari na mabomba ya kumwagilia majani. Kwa nyaya na mabomba ya huduma za umma yaliyozikwa, Marekani piga simu 811 siku chache kabla, ni bure. Teremsha jiwe juu ya nondo mpaka kitako kiguse majani. Liweke mita moja kutoka njia ya watoto, wengine wanakuja na vinyago hawaoni miguuni.

Taa ya LED ya betri iweke upande, karibu na ardhi, si mbele. Mwanga wa mbele unafuta herufi zote, wa pembeni unazijaza kivuli. Mshumaa usiukaribishe kabisa, foamu inashika moto haraka.

Tarehe 1 Novemba jiwe linaenda stoo limesimama, na nondo zote mbili zing'oe siku hiyo hiyo, kabla mashine ya kukatia majani haijazikuta.