Nimeifuata leso mpaka Lisbon

Asalaam aleikum, wapenzi. Mnanisikia? Upepo ni mwingi huku juu kilimani. Leo Jumamosi niko Lisbon, Ureno, na hizi kelele nyuma yangu ni za Feira da Ladra, soko la vitu vya kale. Hufanyika Jumanne na Jumamosi, na uwanja huu wa Campo de Santa Clara umekuwa na soko hili tangu 1882. Lile kuba jeupe pale ni Panteão Nacional. Ndani amelazwa Amália Rodrigues, malkia wa fado, ule muziki wa Kireno, na Eusébio, yule mcheza mpira mzaliwa wa Msumbiji. Humo nitawaingiza siku nyingine. Leo nimekuja kwa nguo.

Mliokulia Mombasa mnalijua soko la Kongowea alfajiri: beli la mitumba likikatwa kila mtu anagombea kamera, zile nguo za kwanza kwanza. Huku hakuna beli. Mtu katandika shuka chini, kaja na kabati zima la marehemu mamake: makoti, glavu, mikufu, viatu. Lakini jicho la mtumba linafaa vilevile. Tazameni koti hili la sufu. Zipu ni ya chuma, si plastiki. Ligeuze: bitana imeshonwa kwa mkono, na kwenye pindo fundi ameacha kitambaa kingi, ili mwili ukinenepa koti lifumuliwe na kupanuliwa. Nani anakushonea hivyo siku hizi? Mwenyewe anataka yuro 40. Nitalirudia.

Sasa nije kwa kilichonileta. Asubuhi nimefika kwa mama mmoja mtu mzima, ana meza ya vitambaa vya kichwani, vya miraba. Nikamwuliza kwa Kireno changu kidogo, hiki mnakiitaje? Akanijibu, lenço. Tamka pole pole: le-nsu. Jamani, nilisimama. Hili neno nimelijua kabla sijajua kusoma, kwa bibi yangu Kibokoni. Leso, ile kanga yetu!

Wazee wa pwani wanasimulia hivi: katika karne ya 19 wanawake wetu walikuwa wakinunua vitambaa hivi vikiwa bado kwenye jora, havijakatwa kimoja kimoja. Wakachukua vitatu juu, vitatu chini, wakaviunga, vitambaa sita vikawa nguo moja ya kujifunga. Wafanyabiashara walipoona wanawake wameshapenda, wakaanza kuchapisha nguo nzima. Yaani ile leso unayonunua leo Biashara Street ilibuniwa na mwanamke wa pwani kwa sindano yake. Mreno alikuja na kitambaa na jina lake, vazi tukalitunga sisi. Na nikizungusha kamera hapa, muone: hiki cha mraba kina pindo pande zote nne, kina mji katikati. Kimekosa jina tu, yale maneno yanayoandikwa kwenye leso.

Lakini hata jina wanalo! Huko kaskazini mwa Ureno, Minho, msichana alikuwa akitarizi kitambaa cha kitani, anaandika beti za mapenzi, anampa kijana anayempenda. Kijana akikivaa hadharani, watu wanajua amekubali. Wanaviita lenços dos namorados, leso za wapendanao. Wasichana wengi shule hawakuiona sana, wakaandika neno kama walivyolisikia, na mpaka leo makosa yale ya herufi hayasahihishwi, ndiyo uzuri wake. Nimeviona madukani, vipya vilivyotariziwa kwa mtindo ule ule, ndege, mioyo, maua. Nikakumbuka leso ya mama yangu: “Japo sipati tamaa sikati.” Mwanamke anasema kwa nguo yale ambayo mdomo hauwezi.

Na neno si hilo moja. Kiatu wanakiita sapato. Bibi alikuwa akivaa sapatu zake kwenda arusini. Foronya ya mto, fronha. Bendera, meza, mvinyo, zote nimezisikia leo.

Jana nilikwenda Museu Nacional de Arte Antiga, na siwezi kuwaficha nililoliona. Kuna chombo cha kanisa kinaitwa Custódia de Belém, cha dhahabu, kilichokamilika mwaka 1506, kazi ya Gil Vicente. Kizuri hadi macho yanauma. Dhahabu yake ni ya Kilwa, kodi aliyotozwa mfalme wa Kilwa na Vasco da Gama, ikafikishwa hapa 1503. Miaka miwili baadaye manowari za Francisco de Almeida, jemadari wa Wareno, zikaiteka Kilwa na kuichoma Mombasa. Nilikaa mbele ya kile kioo muda mrefu. Ukija Lisbon kwa nguo na fado, nenda ukakione, tafadhali. Kina jasho la kwetu.

Basi, wanaanza kukunja mashuka, saa zimekwenda. Yule mama nimenunua kwake viwili, vyekundu vyenye maua, yuro 8 vyote, baada ya kubembeleza. Ananiita “filha”, binti yangu. Nikirudi Mombasa nitatafuta vinne vya kuoana navyo, tatu juu tatu chini, nimshonee bibi leso kama walivyoanza.

Na nyinyi mlio nyumbani: fungueni masanduku ya bibi zenu. Kama kuna leso kuukuu, msiichane matambara. Ipigeni picha, jina lisomeke, mniandikie hapo chini ni ya nani na aliivaa wapi. Nitazisoma zote video ijayo.