Mpira Hauna Nguvu

Ahsante, mwenyekiti. Wanaonifahamu wameshauona mpira mkononi mwangu na wameanza kuguna. Guneni tu. Huu ni mpira wa tenisi, na nitatembea nao mpaka siku nitakapouliza swali langu kwenye ukumbi kama huu nikajibiwa sawasawa na watu wote.

Tazameni. Naurusha juu, wima. Umepanda, umefika kileleni, umeshuka, nimeudaka. Swali: mpira ukiwa njiani kupanda, mkono wangu umeshauachia, ni kani zipi, yaani misukumo au mivuto ipi, zinazoukabili? Hewa iacheni, mchango wake hapa ni mdogo. Wanaosema kani ni moja, yaani uzito wake tu, wanyooshe mikono. Haya. Wanaosema ni mbili, uzito unaovuta chini na nguvu ya mkono wangu inayosukuma juu? Ahaa, karibu ukumbi mzima. Na kule nyuma nawaona walimu wawili wameinua mkono nusu, mambo yakigeuka waseme walikuwa wanajikuna.

Wewe kijana wa mbele, mpira ukifika juu kabisa unafanya nini? "Unapumzika." Mmemsikia? Unapumzika. Tutarudi kwako.

Jibu ni moja. Kani ni uzito peke yake, tangu mpira unapoacha ncha za vidole mpaka unapogusa tena kiganja. Wakati wa kupanda ni huo, kileleni ni huo, wakati wa kushuka ni huohuo, haukupungua wala haukuongezeka. Mkono wangu ulisukuma mpira kwa muda ule tu ulipokuwa umeugusa. Ukishauachia, hauna tena habari nao.

Msione haya, mimi mwenyewe nilifundishwa vingine. Mwalimu wangu alikuwa na mwandiko wa chaki ambao mpaka leo nauonea wivu. Alichora mpira mara tatu ubaoni. Wa chini ulikuwa na mshale mrefu wa kwenda juu, "nguvu ya mkono", na mshale mfupi wa kwenda chini, "uzito". Wa katikati, mshale wa juu umepungua. Wa kileleni, mishale miwili sawa kwa sawa, na pembeni kaandika neno moja kwa herufi kubwa: ZIMELINGANA. Baada ya hapo, akasema, nguvu ya mkono inaisha, uzito unashinda, mpira unarudi. Nilinakili kwa rula. Swali likaja kwenye mtihani, nikachora mishale yangu, nikapata alama zote.

Basi nimefika chuoni, mwaka wa kwanza, mhadhiri akauliza swali hilihili. Nani atakayekuja ubaoni? Nikatoka kwa mbwembwe. Nikachora mipira mitatu, mishale yake, na ZIMELINGANA yangu. Yule bwana akatazama kimya kwa muda, kisha akauliza:

"Hapa juu kani zimelingana?"

"Ndiyo."

"Zikilingana mpira unafanya nini?"

"Unasimama."

"Halafu?"

"Halafu unashuka."

"Ushuke kwa nini? Si zimelingana?"

Nilibaki na chaki mkononi. Nikasema nguvu ya mkono inazidi kupungua. Akaniuliza inapunguzwa na nini. Nikasema na uzito. Akasema, kumbe uzito una kazi mbili, kuvuta mpira na kula nguvu ya mkono? Na hiyo nguvu inakaa wapi, kwenye ngozi ya mpira au ndani? Darasa likacheka, mimi nikarudi kukaa. Lakini fikirini, hoja yake ilikuwa rahisi ajabu. Kani zikilingana, hakuna kinachobadilika. Kilichotulia kinabaki kimetulia. Kama kule juu zingelingana kweli, mpira ungebaki unaning'inia hewani mpaka tuulete kwa ngazi.

Atokee mtu aniambie, "Lakini mpira kule juu si unasimama kweli?" Hapana. Mpira unapita kwenye sifuri. Naurusha kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde. Kila sehemu ya kumi ya sekunde, uzito unapunguza kasi hiyo kwa karibu mita 1 kwa sekunde. Hesabuni pamoja nami: 5, 4, 3, 2, 1, 0, kisha 1 kwenda chini, 2 kwenda chini, 3. Mnaona? Ile sifuri haina upekee wowote. Ni kituo ambacho basi linakipita bila kushusha abiria. Mchapuko, yaani kiwango ambacho kasi inabadilika, kule kileleni ni uleule, mita 9.8 kwa sekunde kwa kila sekunde, kwenda chini. Kasi ni sifuri, mchapuko si sifuri. Anayechanganya viwili hivi atahangaika na fizikia maisha yake yote.

Na msidhani mwalimu wangu alikuwa mjinga. Hadithi yake ni ya kale sana. Hipparchus, Mgiriki wa karne ya 2 kabla ya Kristo, alieleza kitu kilichorushwa juu kwa namna hiyohiyo: nguvu ya mrushaji inapungua, uzito unaishinda. Ibn Sina, mwanafalsafa na tabibu wa karne ya 11, alikuwa karibu zaidi na ukweli. Aliona kitu kilichorushwa kinachukua mwelekeo fulani kutoka kwa mrushaji, na mwelekeo huo haufi wenyewe, bali unauawa na vizuizi vya nje. Pasingekuwa na hewa, alisema, kitu hicho kingekwenda bila kukoma. Kisha akaona jambo hilo haliwezekani, akalitumia kuonyesha kwamba mahali patupu hapawezi kuwapo! Ufunguo anao mkononi, mlango akauacha. Tukangoja mpaka Galileo na matufe yake ya kubingirika kwenye miteremko, na Newton alipochapisha kanuni zake za mwendo mwaka 1687.

Wengine watanirudisha kwenye mkokoteni: "Mzee, nikiacha kusukuma, unasimama. Kumbe mwendo unahitaji nguvu." Mkokoteni hausimami kwa sababu umeacha kuusukuma. Unasimama kwa sababu kuna kitu kinaurudisha nyuma, yaani msuguano. Muda wote uliokuwa unasukuma, ulikuwa unalipa deni la msuguano na si deni la mwendo. Chombo kiitwacho Voyager 1 kilirushwa mwaka 1977 na sasa kiko nje kabisa ya sayari zote, kinakwenda karibu kilomita 17 kila sekunde. Injini inayokisukuma iko wapi? Haipo. Kinakwenda kwa sababu hakuna cha kukisimamisha, ukiondoa mvuto wa jua unaokipunguza kidogo kidogo.

Sasa nifike kwenye ugomvi wangu wenyewe, kwa sababu mwenyekiti ameanza kutazama saa. Mimi nalilaumu neno. Neno "nguvu". Hili neno tumelitwisha mizigo ya kijiji kizima. Amerusha kwa nguvu. Mpira una nguvu. Injini ina nguvu. Umeme una nguvu. Mgonjwa hana nguvu. Katika fizikia vitu hivi havifanani hata kidogo. Kuna kani, ambayo ni msukumo au mvuto wa kitu kimoja juu ya kingine. Kuna nishati, ambayo kitu kinaweza kuwa nayo, kuitumia na kuihamisha. Mpira unaoruka una nishati. Hauna kani. Kani haiwekwi akiba, kama vile kofi haliwekwi akiba. Kofi linahitaji kiganja na shavu, na linatokea pale tu vinapokutana.

"Hayo ni maneno tu," utasema. "Mpira ukinipiga usoni nasikia nguvu yake." Vizuri, tupige hesabu. Mpira wa nusu kilo unakuja kwa mita 20 kwa sekunde. Nishati mwendo ni nusu ya masi, yaani kilo zake, mara kasi mara kasi tena: jouli 100, jouli ikiwa kipimo cha nishati. Kipa anaudaka huku akirudisha mikono nyuma, mpira unasafiri nusu mita ndani ya mikono yake kabla ya kutulia. Jouli 100 gawanya kwa mita 0.5, wastani wa kani ni nyutoni 200, nyutoni ikiwa kipimo cha kani, kama kushika mzigo wa kilo 20. Sasa kipa mwingine, mgeni wa kazi, amekakamaza mikono, mpira unatulia ndani ya sentimita 5. Gawanya: nyutoni 2,000. Mzigo wa kilo 200! Mpira uleule, kasi ileile. Sasa niambieni, mpira ulikuja na "nguvu" kiasi gani, 200 au 2,000? Hakuna jibu, kwa sababu swali lenyewe ni bovu. Ulikuja na jouli 100. Kani imezaliwa mikononi mwa kipa, na kipa ndiye aliyechagua ukubwa wake. Makipa wanalijua hili kwa mikono. Watengenezaji wa magari wanalijua pia, ndiyo maana bodi ya mbele inaundwa ijikunje taratibu inapogonga.

Nimebakiwa na dakika sita? Nne. Basi niruke.

Kasi mara kasi. Hapo ndipo watu wanapouawa. Kasi ikiongezeka maradufu, nishati haiongezeki maradufu, inakuwa mara nne. Mholanzi mmoja, Willem 's Gravesande, alidondosha matufe ya shaba kwenye udongo laini miaka ya 1720 akalipima hilo kwa kina cha mashimo, na Mfaransa Émilie du Châtelet akalitetea kwenye kitabu chake cha mwaka 1740, wakati wakubwa wengi wakishikilia kasi peke yake bila kuizidisha. Yule mama anastahili mhadhara mzima. Siku nyingine. Mnachotakiwa kuondoka nacho leo ni gari. Breki zinashika vizuri, barabara kavu: ukiwa kilomita 50 kwa saa unahitaji karibu mita 13 kusimama. Ukiwa 100, si 26. Ni karibu 52. Hapo bado sijahesabu muda wa dereva kushtuka.

Nishati tuli, ile ya kitu kilichoinuliwa juu, harakaharaka. Hilo jina silipendi. Mtoto akisikia "tuli" anadhani ni nishati ya kitu kilichotulia, kwa hiyo mpira ukianza kushuka anaifuta. Wapi! Mpira ukiwa katikati ya safari una zote mbili, ya mwendo na ya kimo, na moja inageuka kuwa nyingine hatua kwa hatua. Ile mita 5 kwa sekunde niliyoirusha inaupandisha mpira karibu mita 1 na robo. Nikirusha kwa 10, unapanda karibu mita 5. Mara nne tena, mnaona? Na ukitaka kujua kugonga ukuta kwa gari lenye kilomita 100 kwa saa kunafanana na nini, geuza hesabu: ni kuanguka kutoka kimo cha mita 39. Kwa kilomita 50, mita 10 hivi. Dereva anayekwambia "nimeongeza kidogo tu" amekupandisha juu ya jengo refu, na wewe umekaa kwenye kiti unatazama simu.

Kanuni ya tatu ya Newton, kwamba kila kani ina jibu lake lililo sawa nayo na la upande wa pili, nilikuwa nimeiandalia picha, na puto. Haiwezekani tena, mwenyekiti amesimama. Wanaodhani kwamba kiti kinachonisukuma juu nikikikalia ndicho "jibu" la uzito wangu, wanione nje, tugombane vizuri.

Maswali basi. Na tuanze na wewe kijana wa mbele. Shika mpira. Urushe. Umefika juu kabisa: unafanya nini?