Plazima, Maji na Bili ya Umeme

Ndugu zangu, nimeombwa nizungumzie kutoa haidrojeni, gesi inayoweza kutumika kama fueli, kwenye maji kwa kutumia plazima, lakini nitaanza na bili ya umeme, maana hapo ndipo watu wanapopigwa.

Maji ni haidrojeni iliyokwisha kuungua. Ukiitaka irudi, utalipa nishati yote iliyotoka ilipoungua. Kilo 1 ya haidrojeni hupatikana kwenye lita 9 za maji, na hata mtambo usiopoteza chochote utakula uniti 39 hivi za umeme. Mitambo ya sokoni, inayopitisha umeme majini kwa njia inayojulikana tangu mwaka 1800, hula 50 na kidogo. Stanley Meyer wa Ohio, Marekani, alidai gari lake linatembea kwa maji. Mwaka 1996 mahakama ikasema ni utapeli na kuamuru wawekezaji warudishiwe fedha zao.

Sasa plazima. Mmekwisha kuiona: radi ni plazima, na ule mwali wa fundi anayechomelea geti pia. Ni gesi ambayo elektroni zimeng'oka kwenye atomi zake. Maabara nyingine huiwasha ndani ya mvuke kwa maikrowevu, mawimbi yaleyale ya jikoni. Elektroni hupata joto la zaidi ya nyuzi 10,000 na kuzigonga molekuli za maji hadi zivunjike. Hakuna elektrodi, yaani kipande cha kupitishia umeme, ya kulika, na mtambo unawaka na kuzimika papo hapo, jambo linalofaa sana kwa umeme wa jua.

Kuvunja si kazi. Kazi ni kuzuia vipande visirudiane. Mvuke ukipoa taratibu, vinaungana tena kuwa maji, na umeme wako wote umechemsha chai. Lazima upooze ghafla mno. Halafu haidrojeni na oksijeni zinatoka bomba moja, mchanganyiko unaolipuka kwa cheche ndogo tu, wakati mitambo ya kawaida hutoa kila gesi upande wake. Kwa maji, mimi sioni plazima ikiishinda mitambo hiyo karibuni.

Kwenye methani, gesi ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, ni habari nyingine. Kinadharia, haidrojeni yake haihitaji hata sehemu moja kwa saba ya nishati inayodaiwa na maji. Huko Nebraska, kampuni ya Monolith inaivunja kwa plazima, na kaboni inayobaki ni unga mweusi unaotakiwa na viwanda vya matairi. Sisi Tanzania tuna gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay. Wanafunzi wa uhandisi mlioketi huku mbele, maswali yenu ningependa yaanzie hapo.