Kufuli la Zahanati
Mhadhara kwa wakazi, ukumbi wa jamii, Kilifi

Bwana mwenyekiti, wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni. Ingieni, viti vipo huku mbele, na mimi siumi.

Nimeitwa nizungumzie bajeti. Nitaanza na kufuli. Juzi nilipita kijiji kimoja huku kwetu Pwani, jina nitalisitiri. Nikapelekwa kuonyeshwa zahanati. Kuta zimepakwa buluu mpaka kiunoni na nyeupe juu, mabati bado yanang'aa, na ukutani pana kibao cha marumaru kinachotaja nani aliizindua. Mlangoni kufuli, nalo limeshika kutu kabla ya mabati. Nikachungulia dirishani: kitanda cha kujifungulia bado kimevaa nailoni yake. Barazani mbuzi watatu wamejinyoosha kivulini. Mwenyeji wangu akaniambia, "Kwa mbuzi, bwana, hii ni hospitali nzuri sana."

Nikauliza, kulikoni? Nikajibiwa na kila mtu: pesa zimeliwa. Jamani, pesa huliwa, sikatai. Lakini pale jengo lipo, kuta zimenyooka, fundi alilipwa akaenda zake. Kilichokosekana ni mtu wa kulifungua asubuhi. Muuguzi hakuwahi kuandikwa mahali popote kwenye bajeti.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Bajeti ya kaunti ina vyungu viwili. Kimoja ni cha maendeleo: majengo, barabara, visima. Cha pili ni cha matumizi ya kawaida: mishahara, dawa, mafuta ya ambulansi, bili ya stima. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inasema chungu cha maendeleo kisipungue asilimia 30. Kanuni zake za 2015 zikaongeza kwamba mishahara na marupurupu visipite asilimia 35 ya mapato. Nia ilikuwa njema kabisa, kuzuia magavana wasimalizie pesa zote kwa kuajiri ndugu na jamaa. Lakini tazama inavyofanya kazi. Jengo la zahanati likiwekwa, kaunti inahesabiwa imeleta maendeleo. Muuguzi akiajiriwa, kaunti inahesabiwa imevimbisha mishahara. Ripoti ya Mdhibiti wa Bajeti ikitoka, magazeti hukimbilia ukurasa mmoja tu: nani ametumia kiasi gani kwa maendeleo. Sijawahi kuona kichwa cha habari kikiuliza ni zahanati ngapi zina mtu ndani.

Na kuna dhuluma nyingine iliyojificha humo. Karani wa tano anayekaa ofisi moja makao makuu, na muuguzi wa pekee wa wadi nzima ya uchaguzi, wote wameandikwa safu moja: mishahara. Gavana akibanwa apunguze, hamfukuzi karani, maana karani ana mjomba. Anaacha tu kuajiri muuguzi. Muuguzi ambaye bado hajaajiriwa hana mtu wa kumlilia.

Msidhani ni kaunti peke yake. Mwaka 2015 serikali kuu ilikodisha mashine za hospitali, za kusafisha figo, za eksirei, za chumba cha wagonjwa mahututi, zikasambazwa hospitali 98 nchini. Kaunti zikakatwa pesa kila mwaka kuzilipia. Seneti ilipokuja kuchunguza, ilikuta mahali mashine imekaa bila mtaalamu wa kuiendesha, au jengo halina maji wala umeme wa kutosha. Wavuvi mko hapa. Mtu anunue dau jipya, mashine mpya, kisha asiwe na nyavu wala petroli. Utamwitaje huyo?

Lakini na sisi tujitazame. Sisi ndio tunaoomba majengo. Na sababu ninaijua. Mwaka 1965 serikali ilitoa waraka wake nambari 10, uliosema pesa za maendeleo ziende kwanza pale zitakapozaa haraka, penye ardhi nzuri na mvua. Pwani, ukiondoa Mombasa, ikakaa foleni. Ilipofika wakati wa Tume ya Ugavi wa Mapato kuorodhesha kaunti zilizoachwa nyuma, 14 kwa jumla, tano zilikuwa zetu: Kilifi, Kwale, Lamu, Tana River na Taita Taveta. Yaani Pwani yote kasoro kisiwa na viunga vyake. Katiba ya 2010, kifungu cha 204, ikatuwekea Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa, kwa maji, barabara, vituo vya afya na umeme. Mtu aliyenyimwa jengo miaka hamsini, ukimuuliza anataka nini, atasema jengo. Simlaumu. Mimi mwenyewe ningesema jengo.

Kuhusu pesa kuchelewa nitapita haraka, mnalijua. Mgao wa kaunti unafaa kufika kila mwezi. Mara nyingi unafika miezi ikiwa imelala. Mwaka 2024, baada ya Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi, kuangushwa, mgao wa bilioni 400 ukashushwa hadi bilioni 387. Pesa zikichelewa, kinachokatwa kwanza ni dawa. KEMSA, shirika la serikali linalouzia hospitali dawa, inadai kaunti madeni, na duka la dawa la hospitali linabaki na panadol.

Liko jambo moja zuri, na watu wachache wamelisikia. Zamani shilingi uliyolipa dirishani hospitalini ilitakiwa iende kwenye akaunti kuu ya kaunti, na kuirudisha ilikuwa safari ya Maka. Sheria ya 2023 ya kuboresha vituo vya afya inaruhusu kituo kibaki na pesa kilizokusanya, kizitumie papo hapo. Balbu ikiungua, haisubiri saini ya mtu aliye mbali. Waulizeni wasimamizi wa zahanati yenu kama akaunti imefunguliwa. Swali hilo moja tu.

(Mama mmoja aliuliza: "Sasa sisi twende wapi tukasemee hilo la muuguzi? Maana tukienda kwenye kikao cha bajeti tunapewa soda na maji.")

Mama, umekwenda mwezi gani? Mei. Basi umefika harusini watu wanaosha masufuria. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwenye bunge la kaunti kabla ya Septemba mosi. Viwango vya pesa za kila idara hupangwa kwenye waraka wa mikakati ya fedha, wa Februari. Aprili 30 makadirio yameshafika bungeni. Ukija Mei na ombi la muuguzi, utaambiwa ombi lako ni zuri, na litaandikwa kwenye daftari. Njoo Agosti, mpango unapoandikwa. Na ukija, usiseme "tunataka zahanati". Sema: tunataka zahanati ya fulani ifunguliwe siku tano kwa wiki, iwe na wauguzi wawili, na mafuta ya jenereta. Mwakilishi wadi wako atakunja uso, kwa sababu muuguzi hazinduliwi kwa utepe. Mwambie tutamkatia utepe muuguzi pia, kama ndiyo shida.

Nimekuja na nakala za kurasa za wadi hii, kutoka bajeti ya mwaka huu. Ni za Kiingereza, samahani, na hilo ni kosa la pili ningependa tulizungumze siku nyingine. Nakala ni arobaini, tugawane wawili wawili. Fungueni ukurasa wa tatu, mstari wa afya. Kijana, wewe wa fulana nyekundu, tusomee kwa sauti, halafu nitatafsiri neno baada ya neno.