Dada Wawili Mbele ya Sheria: Riwaya ya Kihistoria na Uhamiaji wa Wachina Marekani

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu, wanafunzi na wapenzi wa fasihi,

Waandishi wengi wanaotunga riwaya za kihistoria kuhusu dada wa Kichina waliohamia Marekani huanza na yale yanayovutia macho: magauni ya hariri, mitaa ya Shanghai, taa nyekundu za maduka. Mimi nashikilia kwamba kisa chenyewe kimo ndani ya sheria, na kwamba asiyeijua sheria ya wakati ule hawezi kuwatendea haki ndugu wawili aliowachagua kuwa wahusika wake.

Mwaka 1875 Sheria ya Page, kwa kisingizio cha kupambana na ukahaba, iliwafanya wanawake wa Kichina watiliwe shaka hata kabla ya kupanda meli, na mwaka 1882 Bunge la Marekani likawafungia mlango vibarua wote wa Kichina. Kufikia sensa ya 1890, kwa kila mwanamke mmoja wa Kichina nchini humo walikuwapo wanaume takriban 27. Walioendelea kuruhusiwa ni wafanyabiashara, wanafunzi, walimu, wanadiplomasia na wasafiri, pamoja na wale waliozaliwa Marekani. Mwanamke, kwa kawaida, aliruhusiwa au alikataliwa kwa kufuata hadhi ya baba yake au mume wake.

Naomba tuitazame kwa makini tarehe 25 Mei 1925, kwa sababu siku hiyo Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu mbili ambazo mtunzi yeyote angeona haya kuzibuni. Katika ya kwanza, iliamua kwamba wake wa wafanyabiashara wa Kichina wanaoishi Marekani waruhusiwe kuingia, kwa kuwa mkataba baina ya nchi hizo mbili uliwalinda. Katika ya pili, iliamua kwamba wake wa Kichina wa raia wa Marekani wazuiwe, kwa mujibu wa sheria ya uhamiaji ya 1924. Sasa wachukueni dada wawili wa kubuni kutoka kijiji kimoja cha Guangdong, jimbo la kusini mwa China, mkubwa ameolewa na mwenye duka, mdogo ameolewa na kijana aliyezaliwa San Francisco, nao wamesafiri kwa meli moja. Yule ambaye mumewe si raia anashuka, na yule ambaye mumewe ni raia anarudishwa. Ilipofika 1930 ndipo sheria ilipolegezwa, tena kwa wale tu waliofunga ndoa kabla ya tarehe 26 Mei 1924.

Kati ya 1910 na 1940 wahamiaji wengi wa Kichina walipitia kituo cha uhamiaji cha Kisiwa cha Angel, katika Ghuba ya San Francisco. Hapo undugu ulithibitishwa kwa mahojiano. Afisa aliuliza: Nyumba yenu ina madirisha mangapi? Mlango unaelekea upande gani? Nani anaishi nyumba ya tatu? Pipa la mchele huwekwa wapi? Majibu yalilinganishwa na ya jamaa wengine, na tofauti ndogo ilitosha kuleta mashaka. Kwa kuwa moto uliofuata tetemeko la 1906 ulikuwa umeteketeza kumbukumbu za kuzaliwa za San Francisco, Wachina waliokuwa huko waliweza kudai kwamba walizaliwa Marekani na kwamba wana watoto China, na wengi wakaingia kwa majina ya kununua, kama watoto wa watu wasiokuwa wazazi wao, baada ya kukariri vijitabu vya majibu ambavyo vilitupwa baharini kabla ya meli kutia nanga. Kwa hiyo dada wa damu wangeweza kukaa chumba kimoja huku kila mmoja akiwa, katika hati, binti wa ukoo mwingine.

Wanaume waliofungiwa kisiwani walichonga mashairi kwenye kuta za mbao, na zaidi ya 200 yamehifadhiwa. Jengo la utawala, ambamo wanawake walilazwa, liliungua Agosti 1940, na kama kulikuwa na mashairi yao, yaliteketea humo. Hapa naona riwaya ina kazi ambayo mwanahistoria hawezi kuifanya: faili zimehifadhi kile ambacho dada alimjibu afisa, lakini hazina neno la kile alichomnong'oneza mdogo wake usiku uliofuata.

Utajiri nao haukuwa kinga kamili. Soong Ailing, mkubwa wa dada watatu mashuhuri wa familia ya Soong, alizuiliwa bandarini San Francisco mwaka 1904 alipokuwa akienda kusoma katika jimbo la Georgia. Mdogo wake, Meiling, mke wa kiongozi wa China Chiang Kai-shek, alihutubia Bunge la Marekani Februari 1943, na Desemba mwaka huohuo sheria ya 1882 ikafutwa, ingawa nafasi zilizotolewa kwa Wachina zilikuwa 105 tu kwa mwaka.

Ndiyo maana huwasihi wanafunzi wangu wasiimalize riwaya kwenye gati. Kuanzia 1956 serikali iliwataka walioingia kwa majina ya kununua wakiri, na anayekiri alitakiwa kuwataja jamaa zake wote, wa kweli na wa karatasi, yaani waliokuwa jamaa kwenye hati tu. Dada aliyetaka kulirudisha jina lake halisi alilazimika kuifichua pia siri ya mwenzake, ambaye huenda alikuwa na watoto, duka na miaka 30 ya kulitumia jina lile.