Gunia Nalo Limo Kwenye Mizani

Asanteni. Waliowahi kunisikia wanajua nitaanza na treni, basi wanivumilie tena.

Kila nikitaja CERN, ile maabara ya fizikia ya chembe karibu na Geneva, naulizwa habari za mtambo wake, ule unaokimbiza chembe ndogo mno kama protoni handakini na kuzigonganisha. Protoni zinakimbia kasi gani? Chembe ya Higgs ni nini? Eti dunia itamezwa? Hakuna anayeuliza nyumba. Jengo tunaliona kama gunia: cha maana ni viazi vilivyomo. Mimi nasema kule gunia nalo limo kwenye mizani.

Sasa treni. Kabla ya mtambo wa leo, LHC, handaki lile lile la kilomita 27 lilikuwa na mtambo mwingine, LEP, uliofanya kazi kuanzia 1989 hadi 2000. Walikuwa wakipima uzito wa chembe iitwayo Z, kwa hiyo ilibidi wajue nishati ya elektroni zao barabara. Namba zikawa hazitulii. Mchana zinachezacheza, usiku wa manane kimya, alfajiri zinaanza tena. Nani mchawi? Mwishoni mwa 1995 wafanyakazi wa reli wa Ufaransa wakagoma, na siku hiyo grafu ikatulia kama maji ya mtungini. Kumbe treni! Ile ya mwendokasi, TGV, iendayo Paris. Umeme uliopaswa kurudi kwa njia ya reli ulikuwa unavujia ardhini, unalikuta bomba la LEP, unapita humo kama mpangaji asiyelipa kodi, na sumaku zinazoongoza elektroni zinaguswa. Kidogo tu. Lakini mwenye mizani ya sonara hataki hata nzi atue.

Na kabla ya treni walishamkamata mwezi. Mliokulia pwani siwafundishi bamvua. Mwezi huohuo unaovuta bahari unavuta na mwamba, na mzingo wa handaki ukawa unabadilika kwa takriban milimita 1. Milimita moja katika kilomita 27, na mtambo ukaihisi! Hata maji ya Ziwa la Geneva yakijaa au kupungua, uzito wake juu ya ardhi ulisomeka kwenye vipimo.

Namwona mmoja pale nyuma amekunja uso: si wangejenga juu, mbali na reli? Ndugu yangu, juu kuna mashamba, vijiji na mpaka wa Uswisi na Ufaransa. Kuchimba kulikuwa nafuu kuliko kununua ardhi yote hiyo, na mwamba hukinga mionzi bila kudai mshahara. Mwezi wenyewe hauchagui, unavuta juu na chini.

Wala msidhani kuchimba kulikuwa lelemama. Kwenye shimo la CMS, kitambuzi kikubwa kinachonasa kinachotokea chembe zikigongana, kule Cessy upande wa Ufaransa, walikutana kwanza na magofu ya nyumba ya shamba ya Warumi, wakawapisha wanaakiolojia. Kushuka zaidi, maji. Wakayagandisha ardhini kwa naitrojeni ya kimiminika mpaka yakawa ukuta, ndipo wakachimba katikati ya barafu yao wenyewe. Halafu mtu ananiambia jengo ni saruji tu!

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, haraka. Lile tufe la mbao mnaloliona pichani, urefu wake mita 27, lilijengwa kwa maonesho ya Uswisi ya 2002, kisha CERN wakapewa. Namba za majengo nisianze, maana jirani wa namba si jirani wa mlango, na mgeni lazima apotee. Na hili nilitaka kulitengea nusu saa nzima: kila protoni inayofika LHC hupita kwanza kwenye mtambo wa 1959. Wa 1959! Sisi jengo la miaka 20 tunaliita bovu. Basi, hilo tutalijadili kwenye chai.

La mwisho kabisa. Mwaka 2016 mnyama mdogo wa jamaa ya vicheche aliruka uzio huko CERN, akagusa transfoma ya volti 18,000. Aliungua manyoya na nyayo, umeme ukakatika. Leo yuko jumba la makumbusho la Rotterdam, amekaushwa, watu wanalipa kiingilio kumtazama. Haya, maswali. Ya mtambo sipokei.